Mpe mtafiti stakabadhi, usimsimamishe dirishani

Swali

Shikamoo. Mimi ni mhitimu wa TEHAMA, niko Nyegezi, Mwanza, na nimepata kazi kwenye kikundi cha watafiti wa ziwa. Wana modeli ya kompyuta inayokokotoa joto la maji na mikondo ya Ziwa Victoria kwa mwaka mzima. Kuiendesha mara moja huchukua saa tano. Sasa wanataka iendeshwe mara 240, kila mara upepo na joto la hewa vikibadilishwa kidogo. Hapa tuna kompyuta kadhaa, wenzetu wa Kisumu na Jinja nao wana zao, jumla zinafika 20. Nimetengeneza tovuti: mtafiti anajaza fomu, anabonyeza, modeli inaanza. Jaribio la dakika moja halina shida. La saa tano, ukurasa unakatika, mtafiti anabonyeza tena, na asubuhi nakuta kazi ileile imefanyika mara tatu huku nyingine haijaguswa. Nimesoma habari za gridi (kuunganisha kompyuta za taasisi mbalimbali) na SOAP (mtindo wa programu kuwasiliana kupitia wavuti) nikazidi kuchanganyikiwa. Nianzie wapi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi kuona swali hili linatoka Mwanza, maana haja ya watafiti wako ni ya kweli. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini mashariki huyakoroga maji ya ziwa hadi chini. Miezi mingine maji ya chini hutulia, oksijeni ikapungua, na upepo ukiyainua ghafla samaki hufa. Mwenye vizimba vya sato anahitaji kujua hatari hiyo iko wapi na lini, na modeli ikiendeshwa mara moja tu haitamwambia. Kwa hiyo 240 si anasa. Kwa kompyuta moja ni saa 1,200, yaani siku 50 bila umeme kukatika hata mara moja. Kwa kompyuta 20 ni saa 60.

Kosa lako ni moja, na mengine yote yamezaliwa nalo: umeifunga kazi ya saa tano kwenye uzi wa mawasiliano ambao haukutengenezwa kuvumilia hata dakika mbili. Kama mbele ya programu yako umeweka Nginx, seva inayopokea maombi na kuyapitisha nyuma, yenyewe ikikaa sekunde 60 bila kusikia neno kutoka kwa programu iliyo nyuma yake, inakata. Najua unachofikiria: kuongeza hizo sekunde ziwe 18,000. Usifanye hivyo. Mtafiti atafunga laptopu yake, bando litaisha, mnara utayumba, na utarudi palepale.

Nenda stendi ya mabasi ukatume mzigo Dodoma. Karani anaupokea, anaandika jina la mpokeaji na namba ya simu, anakukatia stakabadhi, unaondoka. Hakuna anayesimama dirishani mpaka basi lifike. Ukitaka habari za mzigo unapiga simu unataja namba. Huduma yako ifanye vivyo hivyo, na HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, ina jibu lililotengwa kwa hali hiyo: 202, maana yake "nimepokea, bado sijamaliza". Mazungumzo yanakuwa mafupi namna hii (POST ni kutuma, GET ni kuuliza):

Mtafiti: POST /kazi, ndani yake toleo la modeli 3.2, upepo juu kwa asilimia 10, joto la hewa juu kwa digrii 1.5.

Seva: 202. Kazi yako iko kwenye /kazi/0117.

Mtafiti, baada ya chai: GET /kazi/0117.

Seva: inafanyika, kituo Jinja, siku ya 143 kati ya 365.

Kila ombi linaisha chini ya sekunde moja. Kazi yenyewe inaishi kwenye hifadhidata kama mstari wenye hali yake: inasubiri, inafanyika, imekamilika, imeshindwa. Anayeitekeleza ni programu nyingine kabisa, na mtafiti anaweza kuzima simu akalale.

Sasa tuje kwenye kubonyeza mara mbili, na hapa naomba usome polepole, maana waandishi wengi wa programu huona ni jambo dogo. Mtafiti anabonyeza. Ombi linafika, seva inaandika kazi, inarudisha stakabadhi, mtandao unakatika kabla stakabadhi haijafika. Mtafiti anaona ukurasa mweupe. Je, ombi halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea? Yeye alipo hana njia ya kujua. Kebo bora haitaondoa swali hilo. Peter Deutsch, akiwa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems mwaka 1994, aliorodhesha dhana potofu za watu wanaojenga mifumo iliyotawanyika, na ya kwanza kabisa ni kudhani mtandao hauna hitilafu. Aliyewahi kutuma pesa kwa simu, ujumbe ukachelewa, akatuma tena, akaja kukuta zimekwenda mara mbili, anaijua dhana hiyo kwa mfuko wake.

Dawa ni kumpa mtafiti ufunguo kabla hajatuma. Fomu inapofunguka, kivinjari kinatunga namba nasibu ndefu na kuituma pamoja na ombi. Kwenye hifadhidata, safu ya ufunguo huo unaiwekea sharti la kutojirudia. Ombi lenye ufunguo ambao tayari upo halianzishi kazi mpya: seva inarudisha stakabadhi ileile ya mwanzo. Abonyeze mara kumi, kazi ni moja.

Kwa kazi za sayansi kuna namna bora zaidi, na mimi ndiyo ninayoitumia. Ufunguo usiwe wa nasibu, utokane na kazi yenyewe. Chukua vipimo vyote vya kuingiza, toleo la modeli, na namba ya kuanzia bahati nasibu (seed) kama modeli inaitumia, uvipitishe kwenye SHA-256, kanuni inayogeuza data yoyote kuwa alama fupi. Unapata alama ya kidole ya kazi. Mtafiti wa Kisumu akiomba kesho kitu ambacho wa Mwanza alikiomba leo, hafanyiwi kazi upya, anapewa matokeo yaliyopo. Angalia tu jambo moja lililonitoa jasho: 1.5 na 1.50 ni namba moja kwako, lakini alama zake ni mbili tofauti. Vivyo hivyo vipimo vilevile vikipangwa kwa mfuatano mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupiga alama, panga majina ya vipimo kwa alfabeti na andika kila namba kwa mtindo mmoja.

Linalofuata ni nani anapeleka kazi kwa nani. Nahisi mpango wako ni seva ya Mwanza iingie kwenye kompyuta za Kisumu na Jinja na kuziamuru. Utakesha. Kompyuta zile ziko nyuma ya ukuta wa mtandao wa taasisi zao, hazina anwani ya wazi, na msimamizi wa mtandao hatakufungulia mlango, tena yuko sahihi. Geuza mwelekeo. Kila kompyuta iwe kibarua anayekuja mwenyewe getini asubuhi kuuliza kama kuna kazi. Anaita seva kwa HTTPS, yaani HTTP iliyofichwa kwa usimbaji, kama mtu yeyote anayefungua tovuti, na mlango wa kutoka nje karibu kila mahali uko wazi. SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali ulioanzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwezi Mei 1999, iliendesha kompyuta za watu majumbani kwa mtindo huohuo: kompyuta inaomba kipande, inakokotoa, inarudisha.

Kibarua akipewa kazi, apewe kwa dhamana ya dakika 20 tu, yaani kazi ni yake kwa muda huo. Kila baada ya dakika tano anatuma ujumbe mfupi, "bado nipo", na dhamana inasogezwa mbele. Umeme ukikatika Kisumu ujumbe unakoma, dhamana inaisha, kazi inarudi kwenye foleni yenyewe, kibarua mwingine anaichukua. Hakuna wa kupigiwa simu usiku. Kama hifadhidata yako ni PostgreSQL, tangu toleo 9.5 kuna maneno SKIP LOCKED yanayowezesha vibarua wengi kuchota kwenye foleni moja bila wawili kushika mstari mmoja. Kwa kompyuta 20 hilo linatosha. Huhitaji mtambo mwingine wa foleni.

Nikueleze kosa nililolifanya mwenyewe. Katika taasisi moja hapa Kanda ya Ziwa nilijenga foleni ya namna hii, nikaacha kila kibarua ajiandikie saa ya mwisho ya dhamana yake. Usiku mmoja umeme ukakatika na kurudi. Kompyuta moja ya zamani ilikuwa na betri ndogo ya saa iliyokufa kwenye ubao wake, ikaamka ikiamini ni Januari 2009. Ikachukua kazi, ikaandika dhamana inayoisha 2009. Seva ikaona imeshapita, ikampa kazi mwingine. Ile ya zamani ikaomba tena, ikachukua nyingine, mambo yakawa yaleyale mpaka alfajiri. Kompyuta hiyo ilishika kazi karibu zote za foleni bila kumaliza hata moja, na wenzake wakazirudia nyuma yake. Na kama ingekuwa inapita kwenye HTTPS isingewasiliana kabisa, maana ingekiona cheti cha seva kuwa bado hakijaanza kutumika. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hii: saa ni moja tu, ya hifadhidata. Kibarua anasema "bado nipo", basi. Muda unaandikwa na seva. Na kwenye kila kituo mtu azikague zile betri, zinauzwa bei ya soda chache.

Kuna hali nyingine inayofanana nayo. Kibarua wa Kisumu hakuzimika, intaneti tu ndiyo ilipotea kwa saa moja. Anarudi na matokeo kamili mkononi, na Jinja tayari wako nusu ya kazi hiyohiyo. Pokea yanayofika kwanza yakiwa kamili, mwambie mwenzake aache. Ila wawili hao wasiandike kamwe kwenye faili la jina moja. Kila makabidhiano yawe na namba ya zamu, jina la faili liwe na namba hiyo, na seva ndiyo itakayotangaza lipi ni rasmi.

Halafu waombe watafiti modeli ihifadhi hali yake kila baada ya siku 30 za kimodeli. Saa tano kwa siku 365 ni kama dakika 25 kwa kila siku 30, kwa hiyo umeme ukikatika mnapoteza dakika 25 badala ya saa nne na nusu. Kompyuta ikiwaka tena na kazi haijapewa mwingine, inaendelea ilipoishia. Iandike hali hiyo kwanza kwenye faili la muda, ikishakamilika ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Umeme una tabia ya kukatika katikati ya kuandika, na faili nusu ni baya kuliko kutokuwa na faili.

Kuhusu kusafirisha data, piga hesabu kabla hujaandika mstari wa programu. Tuseme kila kazi inatoa faili la NetCDF (muundo wa faili za data za sayansi) la gigabaiti 1.5. Mara 240 ni gigabaiti 360. Kwa njia ya kupandisha ya megabiti 4 kwa sekunde, hizo ni sekunde 720,000: siku nane na saa nane za kupakia bila kupumzika, kwa hesabu iliyokokotolewa kwa saa 60. Kwa hiyo usizilete Mwanza. Waulize watafiti swali wanalotaka kujibiwa. Mara nyingi ni joto na mikondo kwenye maeneo kadhaa, mathalani Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Speke na Ghuba ya Winam, kwa kila siku. Muhtasari huo kibarua anautengeneza palepale alipo, na ni megabaiti chache. Faili kubwa linabaki kwenye diski ya kituo chake, na seva yako inahifadhi anwani yake na alama yake ya SHA-256. Likihitajika kweli, lipakuliwe kwa vipande. HTTP inaruhusu kuomba kuanzia baiti fulani, na seva hujibu 206, kwa hiyo mtandao ukikatika kwenye asilimia 80 huanzi upya. Likishafika, linganisha alama. Nimewahi kuona grafu nzuri sana iliyochorwa kutokana na faili lililokatika njiani.

Sasa onyo la kitaalamu ambalo watafiti wenyewe husahau. Kompyuta haijumlishi desimali kama wewe. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwanza, kisha 0.3: kompyuta itakupa 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha 0.1: itakupa 0.6. Namba zilezile, mfuatano tofauti. Kichakataji kingine au programu iliyotafsiriwa (compile) kwa mipangilio mingine hubadilisha mfuatano huo kimyakimya, na kwenye modeli yenye hatua zaidi ya milioni tofauti hiyo hukua. BOINC, mfumo uliozaliwa kutokana na SETI@home, huweza kutuma kipande kimoja kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu kabla ya kuyakubali. Ninyi mnaaminiana, hamhitaji kurudia kila kazi. Lakini kabla ya zile 240, endesheni kazi moja ileile Mwanza, Kisumu na Jinja, mlinganishe. Kiasi cha tofauti kinachovumilika waamue watafiti, si wewe. Na kila matokeo yaandikwe toleo la modeli, kituo na aina ya kichakataji. Kama mnaweza kufunga modeli na maktaba zake kwenye kontena moja (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) linalotumika vituo vyote, fanyeni, mtapunguza sehemu kubwa ya tatizo.

Huenda mtu atakushauri mgawane ziwa lenyewe: Mwanza ikokotoe kusini, Kisumu mashariki, Jinja kaskazini, ili kazi moja iishe haraka. Kataa kwa upole, ukiwa na hesabu mkononi. Modeli inayosonga sekunde 30 kwa hatua ina hatua 1,051,200 kwa mwaka. Kila hatua, maji ya mpakani mwa sehemu mbili lazima yajue jirani yake amefanya nini. Kama ujumbe kwenda Kisumu na kurudi unachukua milisekunde 40, kusubiri peke yake kunafikia saa 11 na dakika 40, zaidi ya mara mbili ya kazi nzima kwenye kompyuta moja. Ugawaji wa namna hiyo ni wa kompyuta zilizo chumba kimoja, zenye kebo za kasi kati yake. Bahati yenu ni kwamba kazi zenu 240 hazisemezani kabisa, na kazi zisizosemezana ndizo zinazofaa kupelekwa ng'ambo ya ziwa.

SOAP na gridi nitavipitia haraka. Kwenye miaka ya 1990 Ian Foster na Carl Kesselman walijenga Globus ili taasisi zishirikiane kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 gridi ikaunganishwa na huduma za wavuti za SOAP, kukatoka viwango vizito ambavyo sasa hukutana navyo zaidi kwenye mifumo ya zamani. Roy Fielding alikuwa ameeleza REST, mtindo wa kutumia anwani na maombi ya kawaida ya HTTP, kwenye tasnifu yake ya mwaka 2000, na mtindo huo mwepesi ndio nimekuonyesha hapa. Gridi haikufa. Ile inayokokotoa data za CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, imesambaa kwenye nchi zaidi ya 40, lakini ina watu wa kuihudumia usiku na mchana. Ukitaka majina ya kuazima ili usibuni yako, angalia OGC API ya uchakataji, kiwango cha shirika la viwango vya data za kijiografia kilichotangazwa 2021: ina kazi, hali za kazi na matokeo karibu kama nilivyokuelezea. Na kama kituo kimojawapo tayari kina HTCondor au Slurm, programu za kupanga foleni za kazi kwenye kompyuta nyingi, usishindane nazo. Kibarua wako pale akabidhi tu kazi kwenye foleni yao.

Kwa usalama, kila kituo kiwe na tokeni yake (neno la siri la kujitambulisha kwa seva), ili ya Jinja ikivuja uifute bila kuzima Mwanza. Na fomu yako isipokee amri wala skripti, ipokee namba tu, zenye kikomo. Upepo ni kati ya kadha na kadha, vinginevyo kataa hapohapo. Usiunganishe maandishi ya mtafiti kwenye mstari wa amri ya mfumo hata siku moja.

Jumatatu anza na jedwali moja, anwani mbili (ya kutuma kazi na ya kuuliza hali yake), na kibarua mmoja aliye kompyuta iliyo pembeni yako. Tuma kazi fupi ya nusu saa. Bonyeza mara tano. Ikishaanza, chomoa waya wa umeme ukutani, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika 20 ukakuta kazi ni moja, na imerudi kwenye foleni bila wewe kugusa kitu, wapigie wenzako wa Kisumu.